Prosesa ya kompyuta ya mezani au ya seva: Ipi inalipa kwa mtu wa Kiegeani?

Tangazo linavutia: mashine ya Xeon, viini 14, RAM ya GB 32, bei chee kuliko kompyuta mpya ya Core i5. Kwa mtu wa Kiegeani, kisiwani Mafia, anayetaka kufungua steshenari au kuanza kuhariri video za harusi, hilo linaonekana ni dili la kuwahi. Viini 14 dhidi ya 6, nani atachagua 6?

Tatizo ni kwamba gharama ya prosesa haiishii dukani Kariakoo. Inaendelea kwenye LUKU kila mwezi, kwenye betri ya sola umeme ukikatika, na kwenye boti ya kutoka Nyamisati siku mashine itakapohitaji kipuri. Mtu akipigia hesabu vyote hivyo, mashine ya bei chee inaweza kugeuka kuwa ghali.

Tofauti ni nini hasa

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ndani yake kuna viini, na kila kiini kinaweza kushughulikia kazi yake kwa wakati mmoja na vingine.

Prosesa za kompyuta za mezani, kama Core i3, i5 na i7 za Intel au Ryzen za AMD, zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya skrini. Zina viini vichache vyenye kasi kubwa, na nyingi huja na sehemu ya kuonyesha picha ndani yake.

Prosesa za seva, kama Xeon ambayo Intel iliianza mwaka 1998 na EPYC ambayo AMD iliitoa mwaka 2017, zimetengenezwa kwa mashine inayohudumia watu wengi usiku na mchana. Nyingi zina viini vingi, zinabeba RAM nyingi sana, na baadhi hukubali kufungwa mbili kwenye madabodi moja.

Kwa hiyo hakuna iliyo "kubwa" kuliko nyenzake. Moja ni bodaboda, nyingine ni lori. Lori halimfikishi abiria mmoja Kilindoni haraka zaidi eti kwa sababu lina matairi mengi.

Viini vingi si lazima kasi kubwa

Mfano mzuri ni Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016, prosesa inayopatikana sana kwenye mashine za mtumba. Ina viini 14, na kasi yake ya juu ni GHz 3.3. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 tu, lakini hufika GHz 4.3, na ubunifu wake mpya unafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Kiini kimoja cha i3 hiyo kinakiacha mbali kiini kimoja cha Xeon.

Hilo lina maana kubwa kwa steshenari. Kujaza fomu ya mkopo wa HESLB, kuomba kazi mtandaoni, kuchapa barua kwenye Word au kuskani vyeti ni kazi zinazotegemea zaidi kasi ya kiini kimoja au viwili. Vingine kumi na zaidi vinakaa tu, vikisubiri kazi isiyokuja.

Viini vingi vinaonyesha faida pale kazi inapogawanyika: kutoa video ndefu iliyokwisha kuhaririwa, kuendesha kompyuta kadhaa za kufikirika ndani ya mashine moja, au kuhudumia watu wengi kwa pamoja. Hata hapo umri wa prosesa unahesabika. Core i5-12400 ya mwaka 2022, yenye viini 6, inaweza kuikaribia au kuipita Xeon hiyo ya viini 14 kwenye kazi nyingi zinazotumia viini vyote.

LUKU haidanganywi

Mafia ni kisiwa, na kwa miaka mingi umeme wake umezalishwa hukohuko, kwa kutegemea sana jenereta za dizeli, badala ya kuletwa na gridi ya taifa. Anayefanya biashara ya kompyuta kisiwani anajua kwamba umeme ni jambo la kupangia mapema.

Xeon E5-2680 v4 imepangiwa wati 120, Core i5-12400 imepangiwa wati 65 za kawaida. Namba hizo si matumizi ya kila dakika, kwa kuwa kompyuta isiyo na kazi nzito hutumia pungufu. Lakini mashine ya Xeon ina madabodi kubwa, feni zaidi na kadi ya picha ya pembeni, vyote vinavyokula umeme hata pale mteja anapojaza fomu tu.

Chukua makadirio haya: mashine ya i5 inatumia wati 40 kwa kazi nyepesi, ya Xeon inatumia wati 110, na duka linafunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ya kwanza itakula uniti 10.4, ya pili 28.6. Tofauti ni uniti 18.2. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi 6,500 kwa mwezi, au shilingi 78,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka miwili au mitatu, nafuu ya bei ya dukani inaweza kuwa imeliwa yote na umeme.

Kwa anayetegemea sola, tofauti inaonekana siku ileile. Betri ya volti 12 ya Ah 100, ikitumika nusu tu ili isiharibike mapema, hutoa karibu Wh 600. Inveta ikipoteza asilimia 15, zinabaki 510. Kompyuta ya wati 40 itapiga kazi zaidi ya saa 12. Ya wati 110 itaishia saa 4 na nusu. Hapo skrini na printa bado havijahesabiwa.

Skrini nyeusi baada ya kuwasha

Hili huwakuta wengi wanaojiungia kompyuta wenyewe. Prosesa za Xeon E5 hazina sehemu ya picha ndani yake. Bila kadi ya picha, mashine itawaka, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi.

Core i5-12400 ina sehemu hiyo. Lakini i5-12400F, yenye herufi F mwishoni, haina. Herufi moja tu kwenye jina inaweza kumlazimisha mnunuzi kurudi mfukoni kutafuta kadi.

Kwa wahariri wa video kuna jambo jingine. Sehemu ya picha ya Intel ina mtambo maalumu wa kusoma na kutengeneza video, unaoitwa Quick Sync. Programu inayoutumia inaweza kufungua video za simu na kamera kwa wepesi, huku prosesa ikiwa haijachoka. Mwenye Xeon E5 anahitaji kadi nzuri ya picha ili kupata msaada wa aina hiyo.

Kipuri kinavuka bahari

Prosesa haihami peke yake. Xeon E5 v4 inakaa kwenye soketi ya LGA2011-3, na madabodi za soketi hiyo ni chache kuliko za kompyuta za ofisini. Baadhi ya zinazouzwa mtandaoni kwa jina la X99 zimeundwa kwa vipande vilivyotolewa kwenye mashine za zamani, na kuzipatia dhamana ya kueleweka ni kazi.

RAM nayo ina mtego. Seva nyingi hutumia RAM ya aina ya "registered", ambayo haifanyi kazi kwenye madabodi ya kawaida ya mezani. Fundi hawezi kuchomoa kipande kwenye kompyuta ya jirani akajaribishia.

Dar es Salaam hilo ni usumbufu wa nusu siku. Kiegeani, kipuri kinanunuliwa mjini, kinapelekwa Nyamisati, kinavuka kwa boti hadi Kilindoni, kisha kinapanda gari. Kikifika na kuonekana hakiendani, safari inaanza upya, na siku zote hizo duka halichapi hata ukurasa mmoja. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani: mashine yenye joto kubwa inahitaji feni zivute hewa nyingi zaidi, na hewa hiyo huingia na unyevu, chumvi na vumbi lake.

Lini seva ina haki yake

Kuna kazi ambayo prosesa ya seva inaifanya vizuri kuliko wengi wanavyojua, nayo ni kusimamia RAM inayojisahihisha, inayojulikana kama ECC. Kumbukumbu ya kompyuta huweka kila kitu kwa 0 na 1. Mara chache tarakimu moja hugeuka yenyewe, kwa hitilafu ya kifaa au hata kwa mionzi kutoka angani. RAM ya kawaida haitambui. ECC inatambua na kurekebisha.

Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alionekana kupata kura 4,096 za ziada kwenye mfumo wa kielektroniki. Wakaguzi hawakupata kosa kwenye programu. Namba yenyewe ndiyo iliyotoa siri: 4,096 ni thamani kamili ya tarakimu moja kwenye hesabu za kompyuta. Maelezo yaliyobaki ni kwamba tarakimu hiyo iligeuka kutoka 0 kuwa 1.

Kwa fomu ya steshenari, kosa kama hilo litaonekana na kufutwa. Kwa rekodi za wagonjwa, vitabu vya SACCOS au matokeo ya shule nzima, linaweza kukaa miaka bila mtu kujua. Mashine inayotunza kumbukumbu za watu wengi, inayowaka saa 24 na kutumiwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja, inastahili prosesa ya seva na ECC.

Hata hivyo seva si lazima iwe jitu. Xeon E-2224 ina viini 4, hufika GHz 4.6, imepangiwa wati 71 na inakubali ECC. Kwa ofisi ndogo, hiyo ina akili kuliko Xeon ya viini 14 iliyochoka. Na hakuna prosesa inayochukua nafasi ya UPS na nakala ya data iliyohifadhiwa mahali pengine. Umeme unaokatika ghafla unaweza kuharibu faili nyingi kabla mionzi ya angani haijagusa hata moja.

Suala la Windows

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitambui rasmi Xeon E5-2680 v4, wala Core i5-6500 ya mwaka 2015 iliyojaa kwenye kompyuta za mtumba. Core i5-8500 ya mwaka 2018 inatambulika. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo anaweza kutafuta mashine ya ofisini ya mtumba yenye i5-8500: viini 6, wati 65, sehemu ya picha ndani, na Windows 11 bila ujanja. Atakayetumia Linux ana uhuru zaidi.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

- Nani ataitumia? Mtu mmoja kwa wakati: ya mezani. Watu wengi kwa pamoja: ya seva.
- Itawaka saa ngapi kwa siku, na kwa umeme upi? Piga hesabu ya uniti za mwaka mzima, usiishie kwenye bei ya dukani.
- Data ikikosewa, nani ataumia? Kama ni jamii nzima, ECC na nakala ya data ni lazima.
- Jina kamili la prosesa ni lipi? "Xeon" au "i5" pekee halitoshi. Dai namba yote na herufi ya mwisho.
- Ikiharibika Jumatatu, kipuri kitafika Kiegeani lini?

Kwa wengi Kiegeani, majibu yataelekea kwenye prosesa ya mezani ya miaka ya karibuni. Seva ibaki kwa mashine itakayotunza kumbukumbu za wengi, na inunuliwe kwa kazi hiyo. Wingi wa viini kwenye tangazo usiwe ndio sababu.