Bwawa, bustani na baridi: safari ya samaki wa kufugwa Njombe

Samaki anayeuzwa Makambako, mkoani Njombe, kwa kawaida ametoka mbali. Dagaa ametoka Mwanza, perege amepanda kutoka Bwawa la Mtera, mbasa ametoka Ziwa Nyasa upande wa Ludewa. Mboga ndiyo mwenyeji: kabichi na viazi mviringo vya Njombe hupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Mkoa unawalisha wengine majani na wanga, kisha wenyewe unangoja kitoweo kishushwe stendi.

Siku hizi mafundi wa kilimo cha kisasa wanaleta jibu linaloitwa akwaponiki. Kunafungwa tanki la samaki uani, pembeni yake kitanda cha kokoto kilichooteshwa mboga, na pampu ya kuzungusha maji. Samaki akila hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Bakteria waliojishika kwenye kokoto huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati. Mizizi ya mboga huinyonya nitrati, na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Udongo hautumiki, mbolea ya dukani haitumiki, na maji yanayopotea kwa siku ni kama asilimia 1 hadi 3 tu.

Kwa mkazi wa Kichiwa, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, jambo hili huuzwa kama kitu ambacho babu zake hawakuwahi kukiona. Si kweli. Tanki na pampu ni vigeni, lakini kulea samaki na mboga kwa maji yaleyale si kugeni katika nyanda hizi, na kila mara samaki wa kufugwa alipoletwa kama jambo jipya kabisa, mambo yaliharibika.

Kabla ya bwawa kulikuwa na kinyungu. Wabena na majirani zao Wahehe wamelima vinyungu kwa vizazi, bustani za mabondeni kwenye ardhi inayobaki na unyevu mvua zikishakatika. Karibu na Mei mvua hukoma. Juu kwenye miinuko mahindi hukauka yakisubiri kuvunwa, na huku chini watu huinua matuta, hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, huchimba mifereji ya kupunguza maji yaliyozidi, kisha hupanda mahindi ya kuchoma, maharage, maboga na mboga za majani za kuivusha familia hadi mvua zirudi Novemba. Wengi huona vinyungu kama kilimo cha kubahatisha. Mimi naona ni uhandisi: badala ya kuvuta maji yafuate shamba, shamba hufuata maji. Na mahali ambapo mfereji umeshachimbwa, kuchimba bwawa si kazi ya ajabu.

Bwawa lilipofika lilikaa palepale. Bwawa juu, bustani chini. Samadi ya ng'ombe au kuku hutiwa majini ili mwani uote na samaki wapate chakula. Maji yaliyonona hufunguliwa kumwagilia mboga. Majani ya kabichi yaliyochakaa hurudi kwa samaki. Katika maelezo yake kuhusu ufugaji wa samaki Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linataja mabwawa madogo ya wastani wa mita 10 kwa 15, yaliyounganishwa na bustani, mifugo na kuku kwenye kipande kimoja cha ardhi. Kasoro pampu na kokoto, hiyo ni akwaponiki ya bondeni.

Samaki mwenyewe lakini hakuletwa na mkulima, wala wa kwanza hakuletwa ili amlishe mkulima. Mwaka 1927 trauti waliletwa kutoka Uskoti na kupandikizwa katika mito ya kaskazini mwa Tanganyika, ili wazungu wapate kuvua kwa ndoano kama kwao. Chakula kilifikiriwa baadaye. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe, Tanga, na Malya, Mwanza. Ulikuwa wakati wa mabwawa kote Afrika Mashariki na Kati. Kenya, iliyokuwa imejaribu perege tangu 1924, ilifungua kituo cha Sagana mwaka 1948, na mwaka 1949 Waingereza na Wabelgiji walikutana Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kujadili ufugaji wa samaki. Vita vilikuwa vimekwisha, na serikali za kikoloni zilikuwa zinatafuta protini ya bei nafuu.

Mabwawa ya Korogwe na Malya yalikufa kwa ukame, kwa ufundi usiofaa na kwa kukosa mwangalizi. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki. Kufikia 1968 FAO ilihesabu mabwawa 8,000 nchini. Ukiisoma takwimu hiyo peke yake utapiga makofi. Ukiendelea kusoma utayashusha. Mengine yalikuwa na mita 20 za mraba, ukubwa wa chumba cha kulala, mengine yamewekewa aina ya samaki isiyofaa, na mengi hayakuwa na matunzo ya aina yoyote. Kampeni ilihesabu mashimo. Hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu samaki waliofika mezani.

Sera ya uvuvi ya 1997 iliupa ufugaji wa samaki nafasi ya heshima zaidi, na hesabu zilizofuata zikaonyesha jambo ambalo mpangaji wa 1949 asingelitarajia. Kati ya mabwawa 14,100 ya maji baridi yaliyokadiriwa nchini, Ruvuma ilikuwa na 4,942 na Iringa 3,137, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa, kwani mkoa wake ulizaliwa 2012. Kilimanjaro ilikuwa na 1,660, Mbeya 1,176. Korogwe na Malya, palipoanziwa, ziko katika mikoa isiyoonekana kwenye orodha ya vinara. Bwawa lilihamia penye vijito, mabonde na watu waliozoea kushika jembe wakiwa wamesimama majini.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo katika kifungu cha 57 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria hiyo ina sababu zake. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanautegemea. Lakini chukua kamba upime mita 60 kwenye bonde jembamba la Njombe. Kinyungu kimo ndani. Bwawa nalo limo ndani. Kwa ukali wa maandishi, urithi wote wa kulea samaki na mboga pamoja uko mahali palipokatazwa. Hapo ndipo tanki la uani linapopata maana ambayo wauzaji wake hawaitaji: halihitaji bonde.

Na sababu ya kulitaka ipo. Mkoa huu uliojaa chakula umekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa nchini: asilimia 53.6 ya walio chini ya miaka mitano kwa utafiti wa lishe wa 2018, na asilimia 50.4 kwa utafiti wa 2022. Tumbo la mtoto linajaa, lakini kwa ugali na viazi.

Swali ni tanki la aina gani, na hapa inabidi tutoke Njombe kidogo. Kulea samaki na mimea pamoja ni jambo la kale duniani. Mashamba ya mpunga yenye samaki ya Qingtian, China, FAO iliyatambua kuwa urithi wa kilimo mwaka 2005. Akwaponiki ya matanki ndiyo ya juzi. Katika miaka ya 1980 Mark McMurtry wa Chuo Kikuu cha North Carolina State alipitisha maji ya samaki kwenye vitanda vya mchanga. James Rakocy, katika kisiwa cha St. Croix cha Visiwa vya Virgin vya Marekani, akajenga mfumo mkubwa wa perege na mboga zinazoelea, ukawa kielelezo cha ulimwengu. Mwongozo wa FAO wa 2014 ulisambaza ujuzi huo kwa wenye nyua ndogo.

St. Croix kuna joto mwaka mzima. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Makambako zaidi ya mita 1,600, na Juni na Julai kuna asubuhi ambazo umande huganda kuwa barafu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege hula kidogo na hukua polepole. Yakikaribia 12 huanza kufa. Bakteria nao wakipata chini ya nyuzi 17 hulegea, amonia ikajikusanya. Anayenakili mchoro wa St. Croix akaufunga nje ya jiko lake Kichiwa ananakili jua ambalo hana.

Upo mfano mwingine, wa zamani zaidi, na ndio ningeuchagua. Mwaka 1969 John Todd, mkewe Nancy Jack Todd na William McLarney walianzisha New Alchemy Institute, taasisi iliyofanya kazi zake Cape Cod, Massachusetts, penye theluji. Walifuga perege kwenye matanki yanayopitisha mwanga, yaliyojaa maji ya kijani, ndani ya kitalu nyumba. Maji yalishika joto la mchana na kulitoa usiku, yakilinda samaki na mboga kwa pamoja, na bustani ilimwagiliwa kwayo. Nyumba yao ya aina hiyo iliyoitwa Ark ilifunguliwa Prince Edward Island, Kanada, mwaka 1976. Taasisi ilifungwa 1991, lakini vitalu nyumba vya nailoni Njombe vipo tayari, watu wanalimia nyanya na pilipili hoho. Kuingiza tanki la lita 1,000 ndani yake kunahitaji nafasi tu.

Pampu ni shauri lingine. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyozinduliwa 2019, imeusogeza umeme wa gridi karibu na vijiji vingi, lakini samaki waliobanwa kwenye tanki hawavumilii kukatika kwa muda mrefu. Pampu ikisimama, oksijeni huisha ndani ya saa chache tu. Bwawa halijui LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ndiyo maana samaki wachache kwenye tanki kubwa ni salama kuliko wengi kwenye dogo, hata kama mchoro unaahidi kilo nyingi.

Chakula ndicho kinachomaliza wengi. Kwa mboga za majani, kila mita moja ya mraba huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Kitanda cha mita tatu za mraba kinakula kama kilo 4 kwa mwezi, na chakula kizuri cha dukani kina dagaa ndani yake, kwa hiyo safari ya Mwanza haijaisha. Funza wanaofugwa kwenye mabaki ya jikoni hupunguza gharama hiyo, japo hawaiondoi.

Ningekuwa mshauri wa mtu wa Kichiwa, ningeanza na kalenda. Kinyungu ni kazi ya kiangazi. Tanki ni kazi ya miezi ya joto. Kokoto zikitiwa maji Septemba, bakteria hupata wiki za kujijenga kabla ya vifaranga vya Oktoba, ambavyo ndani ya kitalu nyumba vina miezi saba ya kula na kukua. Mei samaki wakubwa wavuliwe, wabaki wachache wa kuendeleza maji, na vitanda vipandwe kabichi na chainizi ambazo baridi haizisumbui.