Tulifundishwa "Sorry" Kwanza

Darasa letu la Kiingereza la watu wazima huanza saa kumi na moja jioni, jua la Kakuma likishapunguza ukali. Wanafunzi wengi ni akina mama, na wazee watatu ambao hukaa karibu na mlango ili wapate upepo. Mwezi wa kwanza niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: "Good evening", "Please", "Thank you", "Sorry".

Jioni moja mama mmoja akanyoosha mkono. Nitamwita Mama Riziki, ingawa si jina lake.

"Mwalimu, hizi za kuamkiana tumeshazijua. Sasa tufundishe ya kugomba."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Si kugomba ya vita, mwalimu. Ile ya kusema: hapa si sawa."

Shida yake niliijua. Nyumbani kwake wako watu sita, lakini kwenye kadi wameandikwa watano. Mtoto wa mwisho alizaliwa hapa hapa kambini, na karatasi ya kuzaliwa anayo. Mama Riziki alikuwa ameshafika dirishani mara tatu. Kila mara Kiingereza chake kilikuwa kimoja: "Sorry, sir. Please help me." Na kila mara jibu lilikuwa arudi wiki nyingine.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema mbele ya darasa siku ile. Mara ya pili alipokwenda, mkalimani nilikuwa mimi. Wakati huo nilifanya kazi ya insentivu katika shirika moja ambalo silitaji. Mama alieleza karibu dakika kumi: mtoto alizaliwa siku gani, nani alikuwepo, karatasi alimpa nani, na huyo mtu akamwambia nini. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nikamgeukia afisa nikasema, "She has a problem with her card." Maneno saba. Afisa akaandika mstari mmoja, mama akaondoka akanishukuru. Alinishukuru, wasomaji wenzangu.

Ndiyo maana ombi lake la kufundishwa "kugomba" lilinikaa moyoni. Nikaanza kutafuta: kwa nini sisi wakimbizi tunafundishwa kuomba radhi kabla ya kufundishwa kulalamika? Niliyoyakuta yana historia ndefu.

Nianze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema kulalamika, na jirani yake ni kulalama, yaani kulia ukiomba uhurumiwe. Neno la Kiingereza "complain" limepitia Kifaransa, na sisi Wakongo tunalijua ndugu yake, "plainte". Asili yake ni Kilatini, neno la kupiga, hasa kujipiga kifua kwa maombolezo. Kumbe lugha zote mbili zinaanzia kwenye kilio. Lakini mbele ya ofisi kilio hakitoshi. Mtu aliyekaa nyuma ya dirisha anaweza kukuhurumia na bado asijue la kuandika.

Mababu zetu walilijua hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi kadhaa ziliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, kifungu cha 87, uliruhusu malalamiko kutoka nchi hizo kupokelewa na kuchunguzwa. Mimi ni mtu wa Uvira. Kongo ilikuwa koloni, haikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo kifungu hicho hakikutuhusu. Mtu wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, angeweza kupeleka malalamiko yake New York. Babu yangu, aliyeuona mji ule kila siku ng'ambo ya ziwa, hakuwa na njia hiyo. Mbelgiji mmoja, ziwa moja, samaki wale wale, lakini mlango wa kulalamikia ulikuwa upande mmoja tu.

Walioutumia mlango huo vizuri ni Wameru wa Tanganyika. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akiwa na wakili Earle Seaton. Hawakwenda kulia tu. Walikwenda na mahali, mwaka, kilichofanyika, na wanachotaka kirudishwe. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi wakati ule. Lakini jambo ambalo serikali ingependa liishie kwa bwana shauri lilisomwa mbele ya mataifa, na likabaki limeandikwa.

Kwetu Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1944, baada ya uasi wa askari kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Wakongo waliosoma wa mji ule waliandika waraka kwa Kifaransa kupeleka madai yao kwa wakubwa wa Kibelgiji. Kifaransa chao kilikuwa safi. Lakini walichodai zaidi ni hadhi yao wenyewe, wao waliosoma, watofautishwe na wananchi wa kawaida. Siwalaumu sana, maana nimeyaona hapa hapa kambini. Mwenye lugha hujisemea kwanza. Asiye nayo humlipa mwandishi wa barua, au humpata mkalimani kama mimi, mwenye haraka.

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850, akisema yatamtosha mgeni kwa mambo ya kila siku. Baadaye walimu wakaona kwamba orodha peke yake haitoshi, kwa sababu mtu hatumii maneno kama anayehesabu maharage. Anatumia lugha kufanya jambo: kuomba, kukataa, kushukuru, kuuliza. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilichapisha kitabu cha J. A. van Ek kilichopanga masomo kwa mtindo huo, na kuonyesha kutoridhika kulikuwa miongoni mwa mambo ya kujifunza. Kwa hiyo ikakubalika kwamba kulalamika ni somo, kama vile kusalimiana ni somo.

Lakini somo hilo halikuwafikia wakimbizi kwa urahisi. Baada ya vita vya Vietnam kwisha mwaka 1975, watu wengi wa Vietnam, Laos na Kambodia walikimbia. Kuanzia 1980 waliokubaliwa kwenda Marekani walifundishwa Kiingereza kwanza katika kambi za Bataan kule Ufilipino, Galang kule Indonesia na Phanat Nikhom kule Thailand. Kiliitwa Kiingereza cha kuishi: dukani, hospitalini, kazini. Mwaka 1985 walimu wawili wa Marekani, Elsa Auerbach na Denise Burgess, walivichunguza vitabu vya aina hiyo. Wakaona kwamba mwanafunzi anafundishwa kuomba ruhusa, kuomba afafanuliwe, kuomba ahakikishiwe. Kukosoa, kukataa, kulalamika, kutokubali: hayo yalikuwa hayapo. Mwaka 1989 James Tollefson akaandika kitabu kizima kuhusu masomo ya kambi zile. Alisema yalimwandaa mkimbizi kwa kazi za chini na kumzoesha kuridhika nazo.

Niliposoma habari hizo nilikitazama kitabu changu cha kufundishia. "Sorry" iko ukurasa wa tatu. "This is wrong" sikuiona popote.

Wengine walishafundisha kwa njia nyingine. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kule Brazili, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma kwa saa 40, wakianza na maneno ya maisha yao, kama tofali na kazi. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Yeye pia alikuwa mkimbizi.

Labda msomaji mfanyakazi wa shirika anasema moyoni: lakini sisi tunataka malalamiko, hata sanduku tumeweka. Ni kweli, na sanduku lenyewe lina historia ambayo sisi tuliokimbia Maziwa Makuu tumo ndani yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 na kambi kubwa zilizofuata Goma na Bukavu, tathmini kubwa iliyotolewa 1996 ilionyesha udhaifu mkubwa wa kazi ya misaada. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa viwango vya Sphere. Mwaka 2002 taarifa kutoka Guinea, Liberia na Sierra Leone ilifichua kwamba baadhi ya watu wa misaada walikuwa wakiwadai wasichana miili yao ili wawape chakula. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka wa kupiga marufuku jambo hilo. Mwezi wa Desemba 2014 mashirika yakazindua Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu chenye ahadi tisa. Ahadi ya tano wakati huo ilisema malalamiko yanakaribishwa na yanashughulikiwa.

Nimeitafsiri ahadi hiyo darasani. Mzee mmoja akauliza, "Yanakaribishwa kwa lugha gani?"

Swali ni la haki. Mtu anapaswa kusikilizwa kwa lugha yake, na madawati mengi sasa yanapokea Kiswahili. Lakini faili halikai dawatini. Linaandikwa kwa Kiingereza, linakwenda ofisi nyingine, linafika kwa mtu ambaye hajawahi kuuona uso wako. Ukijua Kiingereza kidogo unaweza kumwambia mkalimani: hapana, umepunguza. Mimi mwenyewe ningehitaji kuambiwa hivyo siku ile.

Kwa hiyo sasa tunafundisha hivi. Tunaanza na maneno ya kitu chenyewe: "missing", kimekosekana, "wrong", kimekosewa, "broken", kimeharibika, "late", kimechelewa, "short", kimepungua. Mama aliyepimiwa unga pungufu hana haja ya hotuba. "It is short" inatosha kuanzia.

Kisha tunakuja kwenye "still", na hapo tulikaa siku nne. Kiswahili kina "bado", na "bado" ni mpole. Wanafunzi walikuwa wakisema "My child is not yet on the card", na afisa anasikia kwamba mambo yanaendelea, tusubiri. Ukisema "My child is still not on the card", unasema umesubiri na muda umepita. Mama mmoja akasema, "Kumbe hiyo 'still' iko na miguu imechoka." Hakuna kamusi itakayoeleza vizuri kuliko hivyo.

Jambo gumu kuliko maneno ni mpangilio. Sisi tumelelewa kwamba huanzi na shida. Unasalimia, unauliza habari za watoto, unasema "nina kaneno kadogo", ndipo unafika kwenye kaneno kenyewe, ambako ni kakubwa. Kwenye baraza ni adabu. Dirishani, wakati salamu zinakwisha, afisa ameshaita namba nyingine. Basi tunafanya mazoezi: salamu moja, halafu jambo. Ni nini, lini, wapi, nani alikuambia nini, na unataka nini kifanyike. Wameru walikwenda New York na hayo hayo.

Na tunajifunza kuacha mengine. "You people always" tumeiondoa, hata kama wakati mwingine ni kweli, kwa sababu afisa akishaanza kujitetea haandiki tena. Badala yake: "I came on Monday. I came again on Thursday." Tarehe haina hasira, na haisahauliki.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika nina ombi moja. Kama jibu ni hapana, mwambieni mtu hapana, na sababu yake. "Come back next week" tumeielewa siku nyingi, hata wale ambao hawajui Kiingereza.

Mama Riziki alikwenda mara ya nne mwezi uliopita. Hakutaka mkalimani, na hakutaka nimsindikize. Nilikaa mbali kidogo, chini ya mti, kama mtu anayesubiri zamu yake. Baadaye alinieleza. Alisema, "Good morning. One name is missing. This is the birth paper. This is my fourth time." Afisa akainua kichwa. Akasoma ile karatasi, akaandika zaidi ya mstari mmoja, akampa namba ya shauri. Mama akauliza, "When is the answer?" Akaandikiwa tarehe.

Siku hiyo hiyo nilimwambia habari ya maneno yangu saba. Alinyamaza kidogo. "Nilijua," akasema. "Nilisema mengi, wewe ukasema kidogo. Lakini sikuwa na ya kukuambia."

Tarehe aliyopewa ni wiki ijayo. Karatasi ameikunja, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Jana jioni darasa zima lilifanya mazoezi ya sentensi za siku hiyo, endapo jibu halitakuwepo. Hazina "sorry" ndani yake: "You gave me this date. I am here."