Kosa la hesabu lililozaa plastiki ya kutafuta DNA

Anayeandika programu anaijua aibu ya kukosea vipimo: ulitaka milisekunde, ukaandika sekunde, tarakilishi ikazubaa. Basi sikilizeni hii.

Mwaka 1967, katika maabara ya Hideki Shirakawa jijini Tokyo, mtafiti mgeni alitia kichocheo mara 1,000 zaidi ya kilichohitajika. Badala ya unga mweusi, akapata utando unaometameta kama fedha. Ilikuwa poliasetilini. Alan MacDiarmid alipousikia mkasa huo alimwalika Shirakawa Marekani, na mwaka 1977 wao na Alan Heeger wakatangaza kwamba plastiki hiyo, ikitiwa iodini, hupitisha umeme mara mamilioni zaidi. Tuzo ya Nobel ya Kemia waliipata mwaka 2000.

Katika polima za aina hii elektroni hazikai mahali pamoja, na nyingi hung'aa zikimulikwa. Mwaka 1995 Timothy Swager na Qin Zhou wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba nishati ya mwanga hutembea kwenye mnyororo, hivyo molekuli moja tu ikinasa mahali, mng'ao hufifia kupita kiasi ulichotarajia. Ni kama bomba la mtaa: tobo moja, nyumba nyingi zinakosa maji.

DNA iliingia mwaka 2002, kupitia Brent Gaylord, Heeger na Guillermo Bazan kule Santa Barbara, California. Walichukua PNA, mfano bandia wa DNA uliotengenezwa Denmark na kutangazwa mwaka 1991, usio na chaji, wakaufunga rangi ya fluoresini. Polima yao ilikuwa na chaji chanya. DNA ina chaji hasi. PNA ikikutana na DNA inayolingana nayo, zinashikana. Polima huvutwa na DNA hiyo, huikaribia rangi, huipa nishati yake, na rangi hung'aa kijani. DNA isipolingana? Polima huiganda vilevile, lakini PNA imebaki mbali, kwa hivyo hakuna kijani. Hiyo ni "kama... basi" bila hata mstari mmoja wa programu!

Napenda zaidi kwamba DNA inayotafutwa haipakwi rangi yoyote. Udhaifu nao uko papo hapo: chaji haichagui rafiki. Damu imejaa protini zenye chaji zinazoweza kuinasa polima, na chumvi hupunguza mvuto wenyewe. Kwenye maji safi ya maabara mambo ni shwari. Sisi wa programu huwa tunasema, "Kwangu inafanya kazi."