Usafishaji wa mafaili na barua pepe za zamani

Usafishaji wa mafaili ni kazi ya kupitia yaliyorundikana kwenye simu, kompyuta na akaunti za intaneti, kubakiza yenye kazi na kufuta mengine. Zamani ufinyu wa nafasi ulimlazimisha kila mtu kusafisha: Hotmail ilitoa bure megabaiti 2 tu za barua. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na gigabaiti 1, watu wakaacha kufuta. Leo akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, lakini barua, picha na mafaili ya Drive hugawana nafasi hiyo hiyo, na ikijaa, barua mpya hazipokelewi.

Kabla ya kufuta chochote hutengwa vya kuhifadhiwa: mikataba, vyeti, risiti, sauti za wazee waliotangulia. Kumbukumbu za kodi hazifutwi ovyo, kwani sheria za Kenya na Tanzania hutaka zitunzwe miaka 5. Vyenye thamani huwekewa nakala mahali pengine, na nakala hiyo hufunguliwa kuhakikisha inasomeka.

Kufuta huanza na vikubwa. Barua elfu za maandishi matupu hazifikii uzito wa video moja ya harusi, kwa hiyo anayefuta moja moja kuanzia juu huchoka bila kupata nafasi. Katika Gmail, kuandika larger:10M older_than:2y kwenye sehemu ya kutafutia huleta barua zinazozidi megabaiti 10 na umri wa miaka miwili. Matangazo ya maduka husitishwa kwanza ndipo yafutwe, la sivyo yatarudi. Barua za matapeli hazibonyezwi kiungo chochote, huripotiwa tu kuwa taka. Kwenye simu za Android, mzigo mkubwa mara nyingi ni WhatsApp. Video iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwenye kundi huacha nakala mbili: ile ya kamera, na nyingine iliyobanwa ndani ya folda ya Sent.

Picha ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko vyote. Picha iliyokwisha kupandishwa Google Photos ikifutwa ndani ya programu hiyo huondoka kwenye simu na kwenye akaunti pia, na wengi wamepoteza picha za watoto wao wakidhani wanapunguza mzigo wa simu tu. Ipo amri maalumu ya kuondoa nakala za kwenye simu peke yake, nayo ndiyo itumike.

Kilichofutwa hakitoweki papo hapo. Kapu la taka la Gmail hukaa na barua siku 30, na muda wote huo zinaendelea kula nafasi. Katika diski ngumu ya kompyuta, kufuta huondoa anwani ya faili tu. Data hubaki hadi data nyingine iandikwe juu yake, na programu za uokoaji huweza kuirudisha. Ndiyo sababu diski inayouzwa au kugawiwa hufutwa kwa programu inayoandika upya eneo lote.