Kibali cha Kupiga Gitaa

Katika Ujerumani Mashariki, bendi haikupanda jukwaani kwa sababu tu watu wameitaka. Ilisimama kwanza mbele ya watahini, ikapiga nyimbo zake, ikapimwa, kisha ikapewa daraja lililoamua kama itapiga hadharani na italipwa kiasi gani. Asiye na kibali hicho alikuwa mkosaji hata akiimba juu ya mvua. Historia ya roki na panki ya nchi ile husimuliwa mara nyingi kama habari ya vijana wakali waliotunga maneno makali. Mimi naliona chimbuko kwingine: kibali ndicho kilichougeuza muziki kuwa upinzani, na mgawa kibali ndiye aliyejizalishia wapinzani.

Tazama Leipzig mwaka 1965. Mwezi Oktoba wakuu wa mji walipiga marufuku bendi 44 kati ya 49 zilizosajiliwa. Kosa lao lilikuwa kupiga kwa mtindo wa Waingereza, magitaa ya umeme na nywele ndefu. Ilani ya siasa hawakuwa nayo. Tarehe 31 vijana walipokusanyika kulalamika, polisi waliwatawanya kwa virungu, mbwa na maji, wakakamata zaidi ya 260, na wapatao mia moja wakapelekwa kufanya kazi kwenye machimbo ya makaa. Mashabiki wa muziki wakatoka huko wakiijua dola kwa mgongo wao. Miongoni mwa bendi zilizofungiwa ilikuwa Butlers, ya Klaus Jentzsch, aliyefahamika zaidi kwa jina la Renft. Miaka 10 baadaye, tarehe 22 Septemba 1975, yeye na bendi iliyobeba jina lake walifika mbele ya watahini, wakaambiwa kwamba hawajapigwa marufuku, ila bendi yao haipo tena. Safari hii maneno yalikuwepo kweli: Gerulf Pannach alikuwa amewatungia mashairi ya Kijerumani yaliyogusa utumishi wa jeshi na kuikimbia nchi. Lakini kiongozi wa bendi iliyoyaimba alikuwa ameshafungiwa zamani, enzi alipokuwa hana neno na serikali.

Panki, neno ambalo kwa wengi wetu ni jina la mkato wa nywele, ilipofika Berlin Mashariki na Erfurt, vijana wake hawakujisumbua hata kuomba. Walipiga makanisani, kwa kuwa Kanisa la Kiinjili lilikuwa na kumbi ambazo watahini hawakuzitawala. Mwaka 1983 Erich Mielke, mkuu wa polisi wa siri, Stasi, aliagiza wasionewe huruma. Agosti mwaka huo wanabendi wa Namenlos walikamatwa kwa sababu ya nyimbo zao, na mwimbaji Jana Schlosser akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Ni adhabu ya kutisha kwa msichana aliyepaza sauti kanisani.

Wapo wanaosema upinzani huo ulikuwa mchezo wa Stasi wenyewe, kwani mashushushu walijaa ndani ya bendi. Ni kweli, na inauma. Santuri ya »DDR von unten«, iliyotoka Berlin Magharibi mwaka 1983, ina upande mzima wa bendi ya Sascha Anderson, ambaye baadaye ilibainika alikuwa akiwaripoti rafiki zake. Hata hivyo, dola haipandi shushushu mahali isipopaogopa, na usaliti wa mmoja hauwafutii wengine miezi waliyokaa gerezani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wenye vibali nao walipinga. Tarehe 18 Septemba 1989 wanamuziki mashuhuri, akiwemo Tamara Danz wa bendi ya Silly, walitia saini tamko la kudai mageuzi, wakaanza kulisoma jukwaani kabla ya kupiga. Hawa walikuwa na daraja, mshahara na santuri madukani. Kwangu, hilo linaipa hoja nguvu: miaka yote hiyo walipitisha kila mstari mbele ya watahini, na siku walipotaka kusema wazi hawakutunga wimbo. Waliweka magitaa chini wakasoma karatasi ambayo hakuna kamati iliyoipitisha. Baadhi ya maonyesho yakazuiwa, nao wakaenda kulisoma kwenye ukumbi mwingine.