Jopo la Rufaa za Ushuru (Kenya)

Jopo la Rufaa za Ushuru ni chombo huru kinachosikiliza mizozo kati ya walipa kodi na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2013. Mwenye hoteli Diani au duka Msambweni asiyekubali makadirio ya kodi hupeleka kwanza pingamizi kwa Kamishna wa Mamlaka hiyo ndani ya siku 30. Siku 60 zikipita bila uamuzi, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Likikataliwa, ana siku 30 za kutoa ilani ya rufaa kwa Jopo, kisha 14 za kuwasilisha hoja na hati. Jukumu la kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi ni la mlipa kodi. Hivyo daftari la wageni, risiti na taarifa za benki ndizo ngao yake. Asiyeridhika na uamuzi wa Jopo hukata rufaa Mahakama Kuu.