Gobore jipya linavyofanywa lionekane la mwaka 1861

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Huko Marekani, watu wanaoigiza mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865) hutumia nakala mpya za Springfield 1861 na Enfield 1853, nyingi zikitengenezwa Italia. Shida ni kwamba upya wake haujifichi: vanishi inang'aa, na mtutuni kuna jina la kiwanda na onyo la kutumia baruti nyeusi tu.

Mafundi hufanyaje?

- Hukwangua vanishi, wakapaka mafuta ya mbegu za kitani.
- Huchonga mbao pale ilipozidi unene.
- Husaga maandishi ya kisasa kwa tupa, kisha hugonga alama za zamani.

Hapo ndipo penye hatari. Bila lile onyo, mtu anaweza kushindilia baruti ya kisasa isiyo na moshi, mtutu ukapasuka. Na tapeli anaweza kuiuza kama ya kale kwa bei ya juu.

Ndiyo maana mafundi waaminifu huhamishia maandishi hayo chini ya mtutu, yanakofichwa na mbao. Unataka kununua? Omba mtutu utolewe kwanza, uone mwenyewe.